Dakika 60, maswali 40: mpango upi wa muda unakufaa kwenye mtihani wa kusoma wa IELTS?

IELTS ni mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na sehemu yake ya kusoma haina dakika ya nyongeza. Kwenye sehemu ya kusikiliza, anayefanya kwa karatasi hupewa dakika 10 mwishoni ahamishe majibu yake. Kwenye kusoma hapewi hata moja. Saa ikiisha, kinachosahihishwa ni kile kilichomo kwenye karatasi ya majibu, na jibu zuri uliloliandika pembeni ya swali kwenye kijitabu halikusaidii kitu. Naanza na hilo kwa sababu nimeona watu wanaokijua Kiingereza vizuri, wanaosoma magazeti na vitabu bila taabu, wakitoka kwenye chumba cha mtihani na maswali matano au sita ambayo hawakuyafikia kabisa. Lugha waliijua, muda ndio uliowashinda.

Ukiuliza jinsi ya kugawa dakika hizo 60, utapata majibu yanayopingana. Huyu atakwambia dakika 20 kwa kila kifungu. Yule atasema 15, kisha 20, kisha 25. Mmoja anashikilia kwamba usome kifungu chote kwanza, mwenzake anakukataza kabisa na kukutuma moja kwa moja kwenye maswali. Hakuna kati yao anayedanganya. Kila mmoja anakupa njia iliyomfaa yeye, bila kukuuliza unasoma kwa kasi gani na unahitaji alama ngapi. Hayo mawili ndiyo yanayoamua kila kitu, na ndiyo nitakayoyatumia hapa kuzipima njia hizi moja baada ya nyingine.

Jipime kabla ya kuchagua

IELTS ina aina mbili. Ya Kitaaluma hufanywa zaidi na wanaotaka kujiunga na chuo kikuu au kusajiliwa kwenye taaluma fulani. Ya Mafunzo ya Jumla hufanywa sana kwa ajili ya uhamiaji na kazi. Zote mbili zina maswali 40, dakika 60, alama moja kwa kila swali, na ukikosea hukatwi alama. Ya Kitaaluma ina vifungu vitatu virefu vyenye jumla ya maneno kati ya 2,150 na 2,750. Ya Jumla huanza na matini fupi mbili au tatu za maisha ya kila siku, kama vile matangazo na maelekezo, hufuatiwa na matini mbili zinazohusu kazi, na humalizia na kifungu kimoja kirefu. Kwa jumla ugumu hupanda kadiri unavyosonga mbele.

Dakika 60 kwa maswali 40 ni dakika moja na nusu kwa kila swali. Hesabu hiyo inatuliza moyo, ila inaficha jambo moja: ndani ya hiyo dakika moja na nusu kuna muda wa kusoma kifungu chenyewe. Anayesoma maneno 200 kwa dakika atatumia kama dakika 11 hadi 14 kuvimaliza vifungu vyote vitatu mara moja, na atabakiwa na takriban sekunde 70 za kila swali. Anayesoma maneno 120 kwa dakika atatumia dakika 18 hadi 23, na kila swali litabakiwa na takriban sekunde 60 au pungufu. Hao ni watu wawili wenye mitihani miwili tofauti, ingawa wamekaa madawati yaliyopakana.

Kwa hiyo chukua kifungu cha maneno kama 800 ambacho hujawahi kukiona, washa saa ya simu, usome mara moja kwa kasi ambayo bado unaelewa, kisha gawa idadi ya maneno kwa dakika ulizotumia. Fanya hivyo kwa vifungu vitatu vya mada mbalimbali, kwa sababu kifungu cha historia na kifungu cha fizikia havisomeki kwa kasi moja. Wastani utakaoupata ndio namba yako. Usijidanganye kwa kuuongeza.

Mgawanyo wa dakika: sawa, wa kupanda, au wa kushuka

Mgawanyo wa 20, 20, 20 ndio unaopendekezwa na kijitabu cha mtihani chenyewe: kabla ya kila kifungu kuna sentensi inayokushauri utumie kama dakika 20. Uzuri wake ni wepesi. Huhitaji hesabu yoyote kichwani. Dakika ya 20 unahama, dakika ya 40 unahama tena. Kwa mtu mwenye wasiwasi wa mtihani, wepesi huo una thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana akili iliyojaa hofu haifanyi hesabu vizuri. Udhaifu wake ni kwamba msomaji mzuri hahitaji dakika 20 kwenye kifungu cha kwanza, na akipewa atazimaliza tu. Atarudi kukagua majibu ambayo tayari ni sahihi, na wakati mwingine atabadilisha moja la sahihi kuwa kosa.

Mgawanyo wa 15, 20, 25 unafuata ugumu unavyopanda. Dakika tano zinazookolewa mwanzoni zinakwenda kule ambako sentensi ni ndefu, hoja za mwandishi zimefichama na maswali yanauliza maoni kuliko habari. Kwa anayewania bendi 7 na kuendelea (bendi ni daraja la matokeo ya IELTS, la juu kabisa likiwa 9), naona huu ndio bora, kwa sharti moja: awe kweli anamaliza kifungu cha kwanza kwa dakika 15 bila kupoteza zaidi ya swali moja au mawili. Ukijilazimisha kukimaliza kwa 15 na ukakosa manne, umeuza alama rahisi ili ununue ngumu.

Mgawanyo wa tatu hausemwi sana, nao ni wa kushuka: kama dakika 23, 22, 15. Wengi wakiusikia hushtuka. Lakini hebu tuangalie alama. Kwa wastani unaotolewa na waandaaji wa IELTS, kwenye mtihani wa Kitaaluma majibu sahihi 15 kati ya 40 ni kama bendi 5, 23 ni kama bendi 6, 30 ni kama bendi 7, na 35 ni kama bendi 8. Mipaka hiyo husogea kidogo kutoka toleo moja hadi jingine, ila haiendi mbali. Sasa fikiria mtu anayehitaji bendi 6. Anatafuta majibu 23. Vifungu viwili vya kwanza peke yake vina maswali kama 26. Akivifanya kwa utulivu na kupata 19 au 20, anahitaji matatu au manne tu kwenye kifungu cha tatu chenye maswali kama 14. Mtu huyo huyo akifuata 15, 20, 25, atakimbizana na vifungu anavyoviweza ili awahi kukaa dakika 25 mbele ya kifungu asichokiweza. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Alama ya kifungu cha kwanza ina uzito uleule na alama ya kifungu cha tatu, na yule anayesahihisha hajui wala hajali ulihangaika kiasi gani kuipata.

Angalizo: kushuka hakumaanishi kukitelekeza kifungu cha tatu. Zile dakika 15 zina kazi. Unaangalia aina za maswali, unachagua kundi moja au mawili yanayofuata mpangilio wa kifungu, unayafanya kwa makini, na yaliyobaki unayabahatisha yote. Hakuna nafasi inayoachwa tupu.

Kwenye mtihani wa Jumla hesabu inageuka. Kwa kuwa matini za mwanzo ni nyepesi, bendi ileile inadai majibu mengi zaidi: 23 ni kama bendi 5, 30 ni kama bendi 6, na bendi 7 inataka kama 34. Anayelenga 7 ana ruhusa ya kukosa maswali sita tu kwenye mtihani mzima. Hawezi kukichukulia kifungu cha mwisho kama bahati nasibu, kwa hiyo mgawanyo wa kupanda kwake karibu ni lazima, na sehemu ya kwanza yenye matini fupi inamruhusu.

| Mgawanyo | Unamfaa nani | Hatari yake |
|---|---|---|
| 20, 20, 20 | Anayeanza maandalizi, mwenye wasiwasi, ambaye hajajua kasi yake | Dakika za mwanzo kutumika kukagua yaliyo sahihi |
| 15, 20, 25 | Anayelenga bendi 7 na zaidi. Karibu kila mtu kwenye mtihani wa Jumla | Kukimbiza kifungu rahisi na kupoteza alama za bure |
| 23, 22, 15 | Anayehitaji bendi 5.5 au 6 kwenye mtihani wa Kitaaluma | Kuzoea kukata tamaa na kifungu cha tatu |

Kusoma kwanza, maswali kwanza, au kupitia juu juu

Hapa ndipo ubishi ulipo mkali, na ndipo ile namba yako ya maneno kwa dakika inapofanya kazi.

Kusoma kifungu chote kabla ya kugusa swali kuna faida ambayo wapinzani wake huipuuza: ukimaliza, unajua kila kitu kimekaa wapi. Swali likitaja jina la mtafiti au mwaka fulani, mkono unakwenda wenyewe kwenye aya husika. Maswali ya kuoanisha vichwa na aya, na yale ya kuuliza msimamo wa mwandishi, huwa mepesi zaidi kwa aliyesoma. Kama kasi yako ni maneno 200 au zaidi kwa dakika, unaimudu gharama yake, maana kifungu kimoja kitakuchukua dakika nne hadi tano. Kama uko kwenye 120, kifungu hichohicho kitakula dakika saba, na kwa kuwa bado utarudi kutafuta kila jibu, utakuwa umelipa mara mbili.

Kwenda kwenye maswali kwanza kunaonekana ni njia ya mkato, na kwa aina fulani ya maswali ni kweli. Kujaza nafasi, kujibu kwa maneno machache, kukamilisha jedwali au mchoro: haya yana majina, namba na vitu vya kushikika, na jicho linaweza kuvisaka bila kuelewa kifungu kizima. Tatizo ni kwamba watunga mtihani wanajua watu hufanya hivyo. Neno la kwenye swali mara nyingi halimo kwenye kifungu. Kilichomo ni maana yake kwa maneno mengine. Swali linaweza kusema bei ya kifaa ilishuka haraka, na kifungu kikaeleza kwamba mwanzoni ni matajiri tu walioweza kukinunua, lakini baada ya miaka michache kilikuwa katika kila nyumba. Anayesaka neno "bei" atapita hapo mara tatu bila kuona. Hatari ya pili ni kinyume chake: neno la swali likionekana waziwazi kwenye aya fulani, mara nyingi limewekwa pale kama chambo, na jibu liko aya nyingine.

Njia ya kati ni kupitia juu juu kwa dakika mbili hadi tatu, kisha maswali. Unasoma kichwa cha habari, aya ya kwanza yote, sentensi ya kwanza ya kila aya inayofuata, na aya ya mwisho. Pembeni ya kila aya unaandika neno moja au mawili ya kukukumbusha: "chanzo", "majaribio", "wapinzani", "gharama". Huelewi kila kitu na hutakiwi kuelewa. Unachora ramani. Nikitakiwa kumshauri mtu nisiyemjua kabisa, nitampa njia hii, kwa sababu inamvumilia msomaji wa polepole na haimcheleweshi wa haraka. Anayesoma kwa kasi sana na kukumbuka vizuri ndiye pekee ningemwambia asome chote.

Iwe umechagua ipi, usidhani makundi ya maswali lazima yafanywe kwa namba zilivyopangwa. Jua lipi linafuata mpangilio wa kifungu na lipi halifuati. Maswali ya Kweli, Si Kweli, Haikutajwa, yanayouliza kama dai linakubaliana na kifungu, linapingana nacho au halimo, hufuata mpangilio: jibu la swali la 6 liko baada ya la 5. Kukamilisha sentensi na maswali ya kuchagua herufi kwa kawaida nayo hufuata. Kuoanisha vichwa na aya hakufuati, na kutafuta taarifa fulani iko aya ipi hakufuati, ndiyo maana hili la mwisho ni mwizi mkubwa wa muda. Unaweza kupewa maswali matano na aya nane, na kila swali likakulazimisha kupitia aya zote upya.

Dawa yake ni kuliacha kundi hilo liwe la mwisho kwa kila kifungu, hata kama limewekwa mwanzo. Ukishafanya makundi mengine utakuwa umepita kwenye aya nyingi kwa makini, na maswali mawili au matatu kati ya yale matano yatajijibu yenyewe. Vichwa vya aya navyo vina pande mbili. Anayesoma kifungu chote avifanye mwanzoni, aya moja kwa kichwa kimoja, akisoma huku anaoanisha, maana kazi hiyo yenyewe inakuwa ndiyo kusoma kwake. Anayeanza na maswali aviweke mwishoni. Kinachopoteza muda ni kuvifanya katikati, ukiwa nusu umesoma na nusu hujasoma.

Na soma maelekezo. Ukiambiwa usizidishe maneno mawili, matatu ni kosa hata kama maana ni sahihi. Sekunde tano za kusoma sentensi hiyo ni nafuu kuliko alama tatu zilizopotea kwenye kundi zima.

Kung'ang'ania au kuruka

Naamini hapa ndipo mitihani mingi inapopotelea, kuliko kwenye mgawanyo wowote wa dakika. Mtu anaweza kuwa na mpango mzuri kabisa, kisha swali moja likamfunga dakika nne. Swali hilo lina alama moja. Dakika nne zingempa alama tatu kwingineko. Lakini moyo wa mtu umeshaingia, anahisi jibu liko karibu, anaona aibu kuliacha baada ya kulihangaikia hivyo.

Mchawi mkuu ni Haikutajwa. Kwa Kweli au Si Kweli unatafuta kitu kilichopo, na ukikipata unatulia. Kwa Haikutajwa unatafuta kitu ambacho hakipo, na hakuna mahali pa kufika ukaambiwa sasa umetafuta vya kutosha. Ndiyo maana wasomaji makini, wale wasiopenda kubahatisha, ndio huumia zaidi. Njia ya kutoka ni ule mpangilio niliousema. Tuseme umeshapata mahali jibu la swali la 8 lilipo, na mahali jibu la swali la 10 lilipo. Jibu la 9, kama lipo, liko kati ya hapo. Soma sehemu hiyo mara mbili. Kama mada inatajwa lakini dai lenyewe halithibitishwi wala halikanushwi, andika Haikutajwa uende. Huna haja ya kukichakura kifungu kizima.

Kuhusu lini uruke, kuna kanuni mbili zinazoshindana. Ya kwanza ni ya saa: ukifika dakika mbili kwenye swali moja, ondoka. Ni kanuni sahihi kwenye makaratasi, ngumu kwenye mtihani, kwa sababu hakuna anayeweza kuitazama saa mara 40 bila kupoteza mawazo. Ya pili ni ya kurudia: ukijikuta unaisoma sentensi ileile mara ya tatu, ondoka. Hii naipenda zaidi. Haihitaji saa, inahitaji ujitambue tu, na mara ya tatu ni dalili ya kweli kwamba kuna kitu hukielewi ambacho kusoma mara ya nne hakutakifungua.

Ukiondoka, acha jibu. Kuna wanaoruka na kuacha wazi ili warudi, na kuna wanaobahatisha papo hapo, wakaweka alama ya kukumbuka, wakaenda. Kwa kuwa kosa halikatwi alama, kundi la pili ndilo lenye busara. Ukikosa muda wa kurudi, angalau kwenye maswali ya kuchagua una nafasi moja kati ya tatu au nne. Kwenye karatasi kuna sababu nyingine nzito: anayeacha nafasi wazi huanza kuandika jibu la 18 kwenye mstari wa 17, na kila kinachofuata kinasogea. Kuligundua kosa hilo zikiwa zimebaki dakika tatu ni mateso ambayo simuombei mtu.

Kuhamisha majibu, na karatasi dhidi ya kompyuta

Kuhamisha majibu yote mwishoni: usifanye. Sina hoja ya upande wa pili hapa. Anayeandika kila jibu papo hapo kwenye karatasi ya majibu yuko salama kabisa ila hukatwa mtiririko. Anayeandika kwenye kijitabu kisha akahamisha kila anapomaliza kifungu hutumia kama dakika moja kwa kifungu na hupata nafasi ya kukagua tahajia, maana neno lililokosewa herufi ni kosa. Chagua kati ya hizo mbili unavyopenda.

Ukifanya kwa kompyuta suala hilo linatoweka. Kifungu kiko upande mmoja, maswali upande mwingine, jibu unaliandika mahali pake, na chini ya skrini unaona namba za maswali yote, zilizojibiwa na zisizojibiwa. Swali la kurudia unaliwekea alama. Saa iko juu mbele ya macho yako. Kwa mtu aliyekuwa akiangushwa na kusahau kuhamisha au kusogeza mistari, kompyuta inamwondolea tatizo lote kwa mara moja.

Karatasi nayo ina wateja wake wa haki. Macho ya wengi husoma maandishi marefu kwenye karatasi kwa uchovu mdogo. Unapiga mstari, unazungushia duara, unaandika "wapinzani" pembeni kwa sekunde moja, wakati kwenye skrini kuangazia na kuandika dokezo kunahitaji kubofya mara kadhaa. Anayetegemea ile ramani ya kupitia juu juu ataikosa kalamu yake mwanzoni. Mazoezi ya wiki mbili kwenye skrini yanaweza kulitibu hilo. Jambo la kujiandaa nalo kwenye karatasi ni saa: ya mkononi kwa kawaida huingii nayo, unategemea ile ya ukutani, kwa hiyo fanya mazoezi ukitazama saa ya mishale iliyo mbali nawe. Kipimo changu ni hiki: kama usomaji wako wa kila siku ni wa simu na kompyuta, chagua kompyuta, kama husomi kitu kirefu bila kalamu mkononi, chagua karatasi, ikiwa kituo chako bado kinaitoa.

Kama mtihani wako ni wa Cambridge

Kwa anayefanya B2 First, mmoja wa mitihani ya Kiingereza ya Cambridge, usiyabebe haya yote kama yalivyo. Kule kusoma na matumizi ya lugha vimeunganishwa: sehemu saba, maswali 52, dakika 75, na alama hazilingani. Sehemu ya 1 hadi ya 3 zina maswali 24 yenye alama moja moja. Sehemu ya 5 na ya 6, ambazo ni za kusoma vifungu virefu, zina maswali 12 tu, lakini kila moja ni alama mbili. Yaani maswali 12 yana uzito sawa na yale 24. Anayeanza mwanzo na kuchelewa kwenye kujaza nafasi za sarufi anafika kwenye alama nono akiwa amebakiwa na dakika kidogo. Unaruhusiwa kuanza popote, na kwa msomaji mzuri ambaye sarufi humchelewesha, kuanzia sehemu ya 5 ni uamuzi wa maana. Aliye na sarufi imara aanze mwanzo tu, ila akiwa na mpaka: dakika 30 zisipite kabla hajamaliza sehemu nne za kwanza. C1 Advanced, mtihani wao wa ngazi inayofuata, ina sehemu nane, maswali 56 na dakika 90, na fikra ni hiyohiyo.

Jinsi ya kuamua wiki hii

Usichague kwa kunisikiliza mimi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na dakika ni mali. Fanya mitihani miwili kamili ya mazoezi, siku mbili tofauti, saa ileile ya siku, kila mmoja kwa mgawanyo tofauti. Kila unapomaliza kifungu andika dakika iliyofika. Ukisahihisha, usihesabu majibu sahihi tu. Yaliyokosewa yagawe mafungu matatu: uliyoyafikia ukayakosa, uliyoyabahatisha kwa kukosa muda, na uliyoyabadilisha kutoka sahihi kuwa kosa. Fungu la kwanza likiwa kubwa, tatizo lako ni lugha na hakuna mgawanyo utakaokuokoa. Rudi kwenye msamiati na kusoma. La pili likiwa kubwa, badilisha mgawanyo au jifunze kuruka. La tatu likiwa kubwa, una dakika nyingi kupita kiasi kwenye kifungu cha kwanza, zihamishe.

Na kwenye kila zoezi, zikibaki dakika mbili, weka kifungu pembeni hata kama uko katikati ya sentensi. Pitia mistari yote 40 ya karatasi ya majibu kuanzia wa kwanza, na kila ulio tupu ujaze herufi.